Barua ya Wazi kwa Halmashauri za Miji ya Nyanda za Juu Kusini: Sheria ya Kutunza Nyumba Ianze na Maji ya Paa

Kwa Waheshimiwa Mameya, Wenyeviti wa Halmashauri, Madiwani na Wakurugenzi wa halmashauri za miji ya Nyanda za Juu Kusini.

YAH: SHERIA NDOGO ZA UTUNZAJI WA NYUMBA NA VIWANJA VYA MAKAZI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye nyumba katika mmoja wa miji yetu ya milimani, na kwa kazi ni fundi mwashi niliyeshika mwiko na pimamaji kwa zaidi ya miaka 20. Sitaji mji wangu wala ofisi yoyote iliyonihudumia, kwa sababu sikuja kumshitaki mtu, na kwa sababu yaliyonipata yanaweza kumpata mwenye nyumba yeyote aliyejenga kwenye mteremko, awe Iringa, Mafinga, Njombe, Mbeya au Tukuyu. Ombi langu ni moja, na ninalitanguliza ili msomaji mwenye shughuli nyingi asilikose: sheria ndogo zinazotutaka tutunze nyumba na viwanja vyetu ziandikwe upya, zianze na maji yanayoshuka kutoka kwenye paa na kuishia kwa jirani, kabla hazijafika kwenye rangi ya ukuta, urefu wa nyasi na unadhifu wa uzio.

Naomba nieleze kilichonifikisha kwenye ombi hili.

Mwaka juzi, katikati ya mwezi Machi, niliandikiwa ilani. Ilinitaka nipake rangi ukuta wa mbele unaotazama barabara, nipunguze uzio wa michongoma, niondoe matofali ya kuchoma na kuni zilizokuwa zimepangwa kando ya geti, na nifyeke nyasi za uwanjani, yote hayo ndani ya siku 14, na nikishindwa nitozwe faini ya shilingi 50,000. Afisa aliyeileta alikuwa mstaarabu. Alibisha hodi, alijitambulisha, alinisomea ilani yote na kunipa nakala. Juu ya mwenendo wake sina neno.

Siku hizo nilikuwa na akiba ya kufunga gata upande wa nyuma wa nyumba. Nilikuwa nimekwisha kuulizia bei ya gata zenyewe, vishikizo vyake na bomba la kushushia maji, na nilikuwa nimepima mahali pa kuweka tangi. Akiba ile ikaenda kwenye rangi. Kupaka rangi mwezi Machi huku kwetu ni kazi ambayo fundi yeyote angemshauri mteja wake aiahirishe, kwa sababu ukungu hauinuki mpaka saa nne, ukuta una unyevu ndani yake, na alasiri mvua inarudi. Nilijua rangi ile haitadumu msimu. Niliipaka hata hivyo, maana kwenye ilani hapakuwa na nafasi ya kueleza kwamba nyuma ya nyumba kulikuwa na jambo la haraka zaidi, wala hapakuwa na jina la mtu wa kumpelekea maelezo hayo. Siku ya ukaguzi afisa alirudi, akasimama barabarani, akatazama ukuta, akaandika kwenye daftari lake kwamba nimetimiza, akaniaga. Hakuzunguka nyuma, na kwa haki kabisa, hakuna kifungu kilichomtaka azunguke.

Wiki chache baadaye, mwezi Aprili, mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilisikia kishindo. Ukuta wa uzio wangu wa nyuma, ambao kwa miaka mitatu ulikuwa ukinyweshwa maji ya paa langu chini ya msingi wake, ulikuwa umeinama na kuanguka juu ya jiko la jirani yangu wa chini, mama mtu mzima anayeishi na wajukuu wawili. Ni jiko la nje, na saa ile hapakuwa na mtu ndani yake, jambo ambalo ninamshukuru Mungu kwalo kila ninapolikumbuka. Nilipofika chini nilikuta mafiga yamefukiwa, mabati yamekunjamana, na tope jekundu limeingia hadi kizingiti cha nyumba kubwa. Yule mama alikuwa amesimama na khanga mabegani. Nilimwamkia, akaitikia shikamoo yangu na kuniuliza kwanza kama watoto wangu ni wazima, halafu akasema, bila kupandisha sauti: "Baba Neema, rangi yako nimeiona, imependeza. Lakini maji yako ndiyo yanayolala kwangu."

Sikuwa na la kujibu. Jiko nimemjengea upya kwa mikono yangu, na safari hii lina msingi wa mawe. Hiyo ni haki yake wala si hisani. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa mwenye nyumba na fundi kwa pamoja hana wa kumsingizia. Hata hivyo nimejiuliza tangu siku ile: imekuwaje sheria iliyonitembelea mara mbili ndani ya mwezi mmoja, ikapima nyasi zangu na kuhesabu matofali yangu, isinitake hata mara moja nieleze maji ya paa langu yanakwenda wapi?

Waheshimiwa, mwingi wa uharibifu ninaoitwa kuutengeneza katika nyumba za miji yetu hauanzii mbele. Anayetaka kujua hali ya nyumba ya mteremkoni azunguke nyuma, ainame chini ya ukingo wa bati. Nyumba isiyo na gata ina mfereji mwembamba unaoizunguka, uliochimbwa na matone tu. Mwaka wa kwanza mfereji huo una kina cha kidole, na ndani yake utaona vijiwe vidogo vimeoshwa vikawa safi kama vilivyochekechwa. Mwaka wa pili unaingia kiganja. Mwaka wa tatu unaona mawe ya msingi, na juu yake, kwenye ukuta, kuna mkanda wa tope uliorukia hadi usawa wa goti, ambapo lipu imeanza kutoa sauti ya uwazi ukiigonga kwa kidole. Baada ya hapo unakuja ufa, na kwa kawaida unaanzia kwenye kona ya dirisha la nyuma. Mwenye nyumba huuziba kwa saruji na kupaka rangi juu yake. Nimeitwa kuziba nyufa za namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nimezoea kumwambia mteja kwamba ninaweza kuchukua fedha yake, lakini dawa ya ufa ule iko juu kwenye paa.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, pamoja na vipenu vyake, linaweza kufika mita za mraba 120. Mvua kubwa ya milimita 50, ambayo kila mmoja wetu ameishuhudia, inashusha kwenye paa hilo lita 6,000, sawa na ndoo 300 za lita 20. Kama paa lina miteremko miwili, ndoo 150 zinamwagwa nyuma ya nyumba kwenye mstari mmoja usiozidi upana wa kiganja, na zinamwagwa ndani ya saa chache. Nyumba 10 zilizopangana kwenye mteremko mmoja zinatoa ndoo 3,000, na ndoo hizo zote zinapita kwa yule aliyejenga chini kabisa, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa na fedha kidogo ya kununulia kiwanja.

Kwetu maji hayo yana mahali pa kufanyia kazi. Upande wa Rungwe na Mbeya udongo mwingi ni wa asili ya volkano, mwepesi, na ukiuacha wazi unasombwa upesi. Upande wa Iringa kuna miamba mikubwa kama lile jiwe la Gangilonga, ambayo maji yakiifikia hayana pa kuzama, yanageuka na kutafuta njia juu ya ardhi. Mji ule una kata nzima inayoitwa Makorongoni. Tulipewa nchi nzuri na ya baridi, yenye mvua ya msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na maana yake ni kwamba nyumba zetu zinalowa kwa miezi sita mfululizo bila mapumziko ya kutosha kukauka. Kanuni za usafi wa makazi zilizotungwa kwa kuwaza mji wa tambarare haziwezi kutufaa kama zilivyo.

Hakuna aliyesahau Aprili 2024, sehemu ya Mlima Kawetere ilipoporomoka katika Kata ya Itezi jijini Mbeya na kufukia nyumba pamoja na majengo ya shule. Sidai kwamba gata lingeuzuia mlima, na itakuwa dharau kwa waliopoteza makazi yao kuligeuza jambo lile kuwa hoja nyepesi. Ninachosema ni kwamba tulionywa sote, kwa mfano wa wazi kuliko yote, kwamba katika miji hii ardhi iliyoshiba maji ni jambo la kwanza, na kwamba kila mwenye nyumba ana sehemu ndogo ya jambo hilo juu ya paa lake.

Nigusie na nyasi, kwa sababu kifungu cha nyasi ndicho kinachotekelezwa kwa bidii kuliko vyote. Sina ugomvi na nia yake. Vichaka vinaficha nyoka, vinahifadhi mbu na vinamkaribisha mwizi. Lakini angalieni kinachotokea ilani inapofika. Mwenye nyumba anayeogopa faini hafyeki. Anashika jembe na kuuparua uwanja wote hadi udongo mwekundu uonekane, kisha mama wa nyumba anaufagia kila asubuhi mpaka unang'aa, na mkaguzi anapopita anausifu. Uwanja ule umevuliwa nguo. Mvua ya kwanza ya Novemba inaondoka na tabaka lake la juu na kulipeleka mtaroni. Ninaomba sheria ndogo itofautishe kwa maneno kati ya kufyeka na kuparua: iagize nyasi zifyekwe zibaki fupi, ikataze kuparua kwa jembe uwanja wenye mteremko, na iruhusu kwa jina lake ukanda wa matete, majani ya tembo au vetiva kwenye kingo za kiwanja na juu ya kuta za kuzuia udongo. Leo hii mtu aliyepanda majani hayo kwa busara anaweza kuandikiwa ilani ya kichaka, wakati aliyeuacha uwanja wake wazi anapita bila kuguswa.

Udongo huo unakwenda wapi? Mwaka jana, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi iliyozoeleka nchini tangu sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilipogeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi, mimi na majirani tuliamua kuacha kufagia mbele ya nyumba zetu na badala yake tukafukua kalavati la mtaa wetu lililokuwa limeziba. Tulifanya kazi kuanzia saa moja hadi saa sita mchana. Tulitoa chupa za plastiki, viroba, kandambili moja na kokoto za ujenzi. Vitu hivyo vyote havikujaza hata mkokoteni mmoja. Kilichokuwa kimeliziba kalavati lile kilikuwa ni udongo, mikokoteni kwa mikokoteni, udongo mwekundu wa viwanja vyetu wenyewe uliokuwa umeoshwa kutoka kwenye nyua tulizozifagia vizuri. Tulikuwa tumezoea kulaumu kila mtu kwa ajili ya kalavati lile.

Tangu mwaka 2017 barabara za mitaani pamoja na mifereji yake zinasimamiwa na TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, huku usafi wa viwanja ukibaki mikononi mwa halmashauri, na maji taka yakiwa ya mamlaka ya maji. Mgawanyo huo una sababu zake. Ninaomba tu kwamba halmashauri inapoandika upya sheria zake iketi na taasisi hizo meza moja, na kila mtaa wa mteremkoni uchorewe ramani rahisi inayoonyesha maji ya nyumba zipi yanaingia kwenye mfereji upi na kutokea wapi. Bila ramani hiyo, kumwambia mwenye nyumba aelekeze maji yake kwenye mtaro ni kumwambia ayahamishie kwa mtu mwingine. Ramani hiyo ni ya lazima zaidi katika maeneo yanayorasimishwa, kwa sababu huko tunahangaika kupata njia ya gari na njia ya miguu kati ya nyumba zilizokwisha kujengwa, na njia ya maji husahauliwa mpaka ijichimbie yenyewe.

Sasa nije kwenye namna ya kutunga na kutekeleza, maana hata sheria yenye nia njema inaweza kuumiza kwa jinsi inavyoletwa.

Nilipopokea ilani niliomba kusoma kifungu nilichotajiwa. Sikukipata. Niliambiwa nakala iko kwa mwanasheria, na mwanasheria yuko safarini. Waheshimiwa, utaratibu wa kutunga sheria ndogo unataka wananchi wajulishwe kusudio la halmashauri na wapewe nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, ndipo sheria iende kwa Waziri mwenye dhamana kwa idhini na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mimi sikumbuki kuitwa, na majirani niliowauliza hawakumbuki. Inawezekana tangazo lilibandikwa ubao wa ofisi na sisi hatukupita. Basi safari hii lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, lisomwe baada ya ibada, libandikwe sokoni na kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako kila mwenye nyumba hufika siku moja. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, kwa hiyo hapana sababu tena ya mwananchi kusomewa kwa muhtasari kitu kinachoweza kumtoza faini. Kila ofisi ya mtaa iwe na nakala iliyofungwa kwa kamba mezani, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma hapo hapo bila kuomba ruhusa.

Katiba yetu, katika Ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Kwenye ilani ya halmashauri haki hiyo inaweza kuwa kitu kidogo sana: mistari mitano mitupu chini ya karatasi, ambapo mwenye nyumba anaandika hali yake, na jina na ofisi ya afisa anayepaswa kuisoma na kujibu kabla ya faini. Mistari mitano tu. Kama ingekuwepo, ningeandika: "Naomba nifunge gata kwanza, rangi nitapaka Juni." Ninaamini afisa yule angenielewa.

Hapo ndipo ninapofikia suala la msimu, ambalo naona ni rahisi kuliko yote na limeachwa kwa muda mrefu. Siku 14 ni siku 14 kwenye kalenda, lakini siku 14 za Machi na siku 14 za Julai ni vitu viwili tofauti kwa mtu mwenye lipu ya kupiga, chokaa ya kupaka au msingi wa kufunua. Kuanzia Mei hadi Oktoba kuta zinakauka, saruji inashika vizuri, na barabara za kupeleka mawe na mchanga zinapitika. Huo ndio wakati ambao mahindi yamevunwa na viazi vimeuzwa, na mwenye nyumba anayetegemea shamba anashika fedha. Ninapendekeza ilani zote za matengenezo ya kawaida zitolewe ili kazi ifanyike ndani ya miezi hiyo sita, na kuanzia Novemba hadi Aprili ilani zitolewe kwa mambo ya hatari pekee: ukuta ulioinama, shimo la choo lililobomoka, mti uliokaribia kuanguka juu ya nyumba, mtaro ulioziba, maji yanayoingia kwa jirani. Katika mambo hayo siku 14 ni nyingi, na afisa awe na uwezo wa kuagiza hatua ya siku hiyo hiyo.

Kuhusu gata zenyewe ninaomba sheria iwe na busara ya kifundi. Isiseme tu kila nyumba iwe na gata, kwa sababu gata linalokusanya maji yote na kuyamwaga kwenye kona moja ni baya kuliko kukosa gata. Iseme maji yafike wapi. Anayeweza ajenge au anunue tangi, na kwa nyumba nyingi lita 2,000 au 3,000 zinatosha kupunguza kishindo cha mvua ya kwanza na kumpa mama maji ya kufulia. Ziada ya tangi ishuke kwenye mtaro uliojengewa kwa mawe. Shimo la mawe la kunyonya maji lifae kwenye kiwanja cha tambarare, lakini likatazwe juu ya ukingo wa mteremko au karibu na ukuta wa kuzuia udongo, kwa maana hapo unailisha ardhi maji mahali ambapo inasubiri sababu ya kushuka. Ukuta wa kuzuia udongo wenyewe uwe na matundu ya kutolea maji, na nyuma yake kokoto. Wangu haukuwa na matundu. Niliujenga upesi nilipokuwa na kazi nyingi za watu, na ninaliandika jambo hili hapa kwa sababu ninajua mafundi wenzangu watalisoma.

Gharama ipo, na haitakuwa haki kuifumbia macho. Yule mama wa chini hana uwezo wa kununua gata mwaka huu wala mwaka ujao, na faini haitamwongezea uwezo huo. Kwa wazee, wajane na watu wenye ulemavu wasio na kipato, sheria ndogo itamke wazi kwamba badala ya faini itafanyika tathmini na mpango wa matengenezo kwa msaada wa mtaa. Halmashauri kwa sheria zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wanaokunja bati na kutengeneza gata mitaani wapo. Nimefanya kazi nao, na ni mahodari. Kikundi chao kikikopeshwa na kupewa kazi ya kufunga gata mtaa kwa mtaa kwa bei iliyokubaliwa, mwenye nyumba akalipa kidogo kidogo, fedha ile itazunguka humu humu mjini.

Wapo watakaosema kwamba mwenye nyumba wa Tanzania halipi kitu kwa ajili ya mji wake. Tunalipa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inalipa shilingi 1,500 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Hatuzinung'unikii. Tunaomba tu kwamba faini zinazokusanywa kutokana na sheria ya utunzaji wa nyumba zibandikwe kwenye ubao wa mtaa kila robo mwaka, pamoja na maelezo ya mtaro au ukuta uliojengwa kwa fedha hizo. Mtu anayeona faini yake imegeuka kuwa mita tano za mtaro wa mawe hatakuwa na sababu ya kumkwepa afisa afya.

Na mapaa makubwa kuliko yote mjini ni ya umma: shule, zahanati, masoko, ofisi. Yafungwe gata kwanza. Mtoto anayejifunza chini ya paa lisilo na gata, akivuka dimbwi kuingia darasani, hatanielewa nikimwambia nyumbani kwamba maji ya paa ni jambo zito.

Rangi nayo ina nafasi yake, nami ninaipenda nyumba iliyopakwa vizuri. Nimelea wanangu kwa kazi hiyo. Ikae tu mwisho wa orodha, baada ya paa, gata, mtaro, msingi, choo na uzio, na itakiwe kwa nyumba ambayo hayo yote yamekaguliwa na kuonekana yako sawa.

Msimu ujao wa mvua unaanza Novemba. Kabla ya hapo ipo mikutano ya kata na vikao vya baraza ambavyo rasimu inaweza kupita. Mimi binafsi, kama halmashauri yoyote itataka kuona ninachokisema, niko tayari kutembea na maafisa wake bila malipo, siku ya mvua, tukiwa na mabuti, na tuanzie nyuma ya nyumba yangu. Jirani yangu wa chini amekubali tupite na kwake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mwashi na mwenye nyumba,
Nyanda za Juu Kusini.

Nakala: Maafisa Watendaji wa Kata na Mitaa, Wenyeviti wa Mitaa, Maafisa Afya wa Kata.